Pima Shingo Kwanza, Kamba Baadaye

Mbukwenyi, wazee wangu na vijana wangu. Naona kuna waliokwisha kuanza kusuka. Wekeni kamba chini. Nimelisema hili Kongwa, nimelisema Bahi, na leo hapa Nzuguni nalisema tena: kola ya mbwa ya kusuka kwa parakodi, ile kamba ya nailoni, inaanzia kwenye shingo ya mbwa atakayeivaa.

Chukua futi ya fundi cherehani. Izungushe pale kola itakapokaa, wala usiibane. Ukipata sentimita 38, usisuke 38. Mafundo haya ni manene, na unene unakula nafasi kwa ndani, kwa hiyo ongeza sentimita mbili au tatu. Ukishamvisha, vidole viwili vipite chini ya kola bila kulazimisha. Vikipita vinne, siku akirudi nyuma kwa nguvu ataichomoa kichwani. Kisipopita hata kimoja, fumua.

Nalishikilia hili kwa sababu ya mbwa mmoja niliyeitiwa Bahi. Mwenyewe alisema mbwa amekonda, hali chakula vizuri, na ananuka. Akadhani ni tumbo, na dawa ya minyoo alikwisha kumpa. Kwa macho huoni kitu, manyoya yamefunika. Nilipopitisha kidole shingoni, kikazama. Alifungwa kamba ya kufungia magunia akiwa bado mdogo, akakua nayo, nyama ikaimeza na ngozi ikaota juu yake. Ndani ni usaha na funza. Ilibidi watu watatu wamshike ndipo mtaalamu wa mifugo aikate, kipande baada ya kipande, na kusafisha kile kidonda kilichozunguka shingo nzima. Na msiniambie mwenye mbwa alikuwa katili. Yule baba alimpenda mbwa wake, ndiye aliyekuwa akimlindia mbuzi usiku. Ila tangu siku aliyomfunga hakupitisha kidole tena. Mbwa mdogo anakua kila wiki, basi kila wiki mpime. Ikianza kubana, kata, msukie nyingine. Kamba inanunuliwa.

Kuna mzee ataniuliza: mbwa wa Mgogo alivaa kola lini? Ni swali la haki, mzee wangu. Lakini siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa utamshika wapi? Masikio? Mkia? Nimeona mbwa wakirudi nyumbani bila chanjo kwa sababu hapakuwa na pa kuwashikia, na watoto wa nyumba hiyohiyo ndio wanaocheza nao. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa wameambukizwa na mbwa. Halafu tusiseme kamba ni mambo ya kigeni. Wazee wa hapa walisokota kamba kwa magome ya mbuyu, tena imara. Mikono hiyo bado tunayo.

Sasa parakodi yenyewe. Ni kamba ya nailoni iliyotengenezwa kwa ajili ya miavuli ya askari wa angani. Tunayoitaka ni ile ya 550, maana yake inahimili ratili 550, karibu kilo 250. Usiamini maneno ya muuzaji. Kata ncha, vuta ganda nyuma, uhesabu nyuzi za ndani: ziwe saba. Ukikuta manyoyamanyoya, mrudishie kamba yake. Na kabla hujasuka, iloweke kwenye maji ya moto, kisha ianike kivulini ikauke. Nailoni hujikunyata inapolowa mara ya kwanza. Usipoiloweka wewe, mvua ya Desemba itailoweka ikiwa shingoni, na vile vidole viwili hutavipata tena.

Urefu wa kamba ni kama mara 12 ya urefu wa kola. Kola ya sentimita 40 inakula kama mita 5. Ongeza kidogo; ukipungukiwa katikati unaanza upya. Kunja kamba katikati, ifunge kwenye bizimu, na pete ya kufungia mnyororo iingie sasa, ipitiwe na kamba zote za katikati ya kola. Anayeishona pete juu ya mafundo mwishoni ametengeneza pambo. Pete yenyewe iwe imelehemiwa, maana iliyokunjwa tu itafunguka. Kisha fundo la kobra: mara kushoto, mara kulia, kushoto, kulia. Ukirudia upande mmoja, kola yote inajisokota.

Klipu ya plastiki inamtosha mbwa mdogo. Anayefungwa au anayevuta, mwekee bizimu ya chuma.

Ncha zikate, zichome kwa kiberiti cha gesi, uzibonyeze kwa ubapa wa kisu. Kwa kidole utaungua. Pitisha mkono ndani ya kola yote. Donge gumu hata moja litakwaruza ngozi usiku na mchana.

Nilitaka kuonyesha pia ule msuko wa safu mbili, lakini muda hauturuhusu, na rangi mtachagua wenyewe. Waliokuja na mbwa wasogee hapa mbele, futi ninazo. Waliokuja bila mbwa, nendeni nyumbani mkapime, mrudi kesho na kipimo. Sitamkatia mtu kamba kwa kukadiria.