Jinsi ya kuagiza chipsi, wali na nyama choma kwa kalori chache (sema kabla hujapakuliwa)

Haya karibuni tena jamani, leo tupo mtaani moja kwa moja, hapa ni Dar, nyuma yangu mnaona kibanda cha chipsi, pale pembeni yupo mama lishe na ng'ambo ya barabara kuna sehemu ya choma, kwa hiyo vyote ntakavyosema leo ntawaonyesha hapahapa. Wengi mnaniuliza, dada mi kazini nakula nje kila siku, muda wa kupika na kubeba hotpoti sina, sasa kilo ntapunguzaje? Jibu langu ni kula nje endelea, ila jifunze kuagiza. Watu wanaagiza kwa neno moja tu, "chipsi mayai", "wali nyama", basi wanakaa kusubiri, na pale ndo kalori zinapoingia maana umemwachia mpishi aamue kila kitu.

Kabla hujafungua mdomo angalia kitu kimoja. Hicho chakula kinapikwa ukiwa umesimama pale, au kimeshaiva kipo kwenye sufuria? Kama kinapikwa mbele yako unabadilisha mapishi. Kama kimeshaiva mapishi huwezi tena kuyagusa, unabadilisha upakuaji. Ukishika hilo tu utajua useme nini sehemu yoyote ile, iwe kibandani, iwe hoteli ya kitambaa mezani.

Na kwanini naongelea mafuta sana? Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu moja ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120, na pale kibandani hakuna anayepima na kijiko, yanamiminwa moja kwa moja kutoka kwenye kidumu. Sisemi mafuta ni sumu, mwili unayahitaji, nasema tu yale usiyoyaona ndo yanayokuongezea, we unaona chipsi na mayai, mafuta huyaoni.

HATUA YA KWANZA, kwa muuza chipsi.

Ntasogeza kamera muone kikaango. Viazi vya kuchemsha gramu 100 vina kalori kama 87, vikikaangwa gramu hizohizo zinapita 300. Kiazi ni kilekile, maji yametoka mafuta yameingia. Sasa sahani ya zege, yaani chipsi mayai, ya kawaida, chukulia chipsi gramu 200 hapo una 600, mayai mawili 150, vijiko viwili vya mafuta kwenye kikaango 240, ushafika karibu elfu moja na soda bado hujafungua. Haya ni makadirio, kila kibanda na mkono wake, lakini hesabu inakaa hapohapo.

Sasa sikilizeni ninavyoagiza:

"Kaka za kazi? Nifanyie zege ya mayai mawili, chipsi weka nusu ya unavyowekaga, usizirudishe kwenye mafuta, kikaangoni weka kijiko kimoja tu, na kachumbari nijazie."

Mmesikia hapo, usizirudishe kwenye mafuta? Zile chipsi zilizopo kwenye kabati la kioo zilishakaangwa tangu mapema, ukiagiza anazitumbukiza tena kwenye mafuta ya moto ili zipate joto. Zinakunywa mara ya pili. Kama ni zege hakuna haja kabisa, zitapata moto kikaangoni pamoja na yai. Kama ni chipsi kavu mwambie unasubiri zinazotoka sasa hivi, na akizitoa azichuje vizuri kwenye lile chujio kabla hajaweka kwenye sahani, dakika moja tu inatosha, mtaona mafuta yanavyodondoka, haya angalieni hapa, hayo yote yalikuwa yanaenda tumboni kwako.

Kwa oda hiyo chipsi ni 300, mayai 150, mafuta 120, umekula 570 hivi. Kutoka elfu moja! Na bado umekula zege, na yai umeliacha mawili maana yai ndo litakushibisha mpaka jioni, watu wanakosea wanapunguza yai wanaacha chipsi.

Ukiona nusu ya chipsi haitakutosha usiongeze chipsi, ongeza mishkaki miwili ya nyama isiyo na vipande vya mafuta. Na bei usibishane naye, mwambie "hela ni ileile, nipunguzie chipsi niongezee kachumbari", hapo anakuelewa haraka sana kwasababu hapati hasara.

Mayonizi kataa. Kijiko kimoja kikubwa kinakaribia kalori 100 na hakuna anayeweka kimoja. Tomato sosi ina nafuu ila ina sukari, weka kidogo. Pilipili na limao weka unavyotaka. Kuku, kama jiko la mkaa lipo agiza wa kuchoma badala ya wa kukaanga, na ngozi itoe mwenyewe ukishakaa mezani, mafuta mengi ya kuku yapo kwenye ngozi na chini yake, najua ndo tamu, itoe hivohivo.

HATUA YA PILI, kwa mama lishe, na hapa naomba mtulie kidogo maana ndo sehemu ninayoipenda na ndo wengi tunapokula mchana.

Hapa chakula kimeshaiva. Ukimwambia apunguze mafuta kwenye maharage atakuangalia tu, sufuria lilishashuka jikoni. Kinachobaki mikononi mwako ni nani anaingia kwanza kwenye sahani. Mama yeyote akianza na wali ataujaza sahani nzima, sio kwa ubaya, yeye anataka ushibe na ndo upendo wake ulivyo, alafu mchicha unakuja kukaa pembeni kijiko kimoja kama pambo. Kwa hiyo geuza mpangilio:

"Shikamoo mama. Naomba leo uanze na mboga, mchicha niwekee nusu sahani, alafu maharage upawa mmoja, wali weka mwishoni sehemu itakayobaki."

Wali mweupe ulioiva una kalori kama 130 kwa gramu 100. Sahani iliyojazwa kilima inaweza kubeba gramu 400, hizo ni 520 za wali peke yake, ukiwa wa nazi ndo zinapanda zaidi. Ukiwekwa mwishoni utakuta umepata gramu 150 mpaka 200 bila mtu kukunyima. Maharage usiyapunguze, yana protini na nyuzinyuzi, ndo yanayokufanya saa kumi usianze kutafuta maandazi.

Mchuzi nao una ujanja wake. Angalieni sufuria hili, mnaona ile rangi nyekundu inayong'aa juu? Yale ni mafuta yaliyopanda. Upawa ukipita juujuu yanakuja yote. Mwambie "mama sogeza pembeni hayo ya juu, nichotee ya chini", anasukuma kwa mgongo wa upawa anazamisha, tayari. Supu ya asubuhi vilevile, iwe ya mbuzi au ya kongoro, ile tabaka ya juu isogezwe. Na kwenye supu tatizo kubwa ni kile kinachokuja nayo, chapati moja kubwa ya mafuta inaweza kufika kalori 250 mpaka 300 na watu wanapiga mbili, chukua moja au omba ndizi ya kuchemsha kama ipo.

Kisamvu cha nazi na karanga, na mboga yoyote iliyoungwa nazi nzito, kihesabu kama mchuzi, usijaze nusu sahani ukasema ni majani. Samaki, kama yupo wa mchuzi au wa kuchoma mchukue huyo, wa kukaanga mara nyingine basi. Ugali agiza mdogo, sema mapema kabla hajaupiga kwenye sahani maana ukishakuja mkubwa mbele yako utaumaliza, tunajuana.

Pilau na biriani ni tofauti kidogo. Kwenye pilau mafuta yameshaingia ndani ya kila punje hutoi kitu, hapo ni kupunguza kiasi tu na kujaza kachumbari. Biriani una bahati, wali na rojo vinapakuliwa mbalimbali, mwambie rojo apunguze mafuta ya juu na vile vitunguu vya kukaanga aweke kidogo, nyama ibaki palepale.

Alafu muda. Ukienda saa saba kamili foleni imejaa mama hana nafasi ya kukusikiliza, kila mtu anaita. Nenda saa sita na nusu, au kama unakula kwake kila siku mwambie mara moja vizuri, kesho ukifika atakuuliza mwenyewe "ile ile?" na hapo umemaliza kazi.

Hapa nasimama kidogo niseme kitu muhimu. Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usikate wali na ugali ghafla kwasababu umeangalia video hii, sukari inaweza kushuka sana ikakuletea matatizo makubwa. Ongea kwanza na kliniki yako wakupangie. Wajawazito, mnaonyonyesha, na watoto pia, hizi oda za kupunguza sio zenu bila ushauri wa daktari.

HATUA YA TATU, tuvuke barabara twende kwenye choma.

Hapa hamna shida sana, nyama ya mbuzi iliyochomwa ina kalori kama 140 tu kwa gramu 100, ni nyama isiyo na mafuta mengi. Mwambie mchomaji asipake mafuta wakati wa kugeuza, na ndizi azichome hapohapo kwenye mkaa badala ya kukaanga. Agizeni kwa idadi ya watu, nusu kilo watu wawili na kachumbari kubwa inatosha, ile tabia ya kila mtu kuongeza "robo nyingine" ndo inayotupoteza. Wale wa kiti moto, yaani nyama ya nguruwe, kavu ya kukaanga inaogelea kwenye mafuta, omba ya kuchoma, na yale mafuta meupe yakate uyaache.

Chumvi omba iletwe pembeni. Haina kalori, ila Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote, na sisi tunamwagia kabla hata hatujaonja. Wenye presha hapo mnanielewa.

Sasa kinywaji, na hiki kinaharibu oda zote nzuri ulizofanya. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, ni vijiko vya chai tisa, karibu kalori 150, na haikushibishi hata kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unataka sukari ya kuongezwa iwe chini ya asilimia 10 ya nguvu unayokula kwa siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja tu umeshapita. Bia ya nusu lita ni kama kalori 200, kwa hiyo tatu ni 600, zaidi ya ile zege tuliyoirekebisha pale kibandani.

Juisi uliza hivi: "kuna ambayo hamjaweka sukari bado?" Usiseme tu "punguza sukari" maana mara nyingi jagi zima lilishakorogwa asubuhi, atakujibu sawa alafu anakuletea ileile. Kama hamna, agiza maji, au dafu, maji ya dafu yana kama kalori 20 tu kwa mililita 100. Chai ya rangi na tangawizi pia safi, sukari uweke mwenyewe, kila kijiko cha chai ni kalori 16.

Hoteli zenye menyu ntapita haraka. Maneno yako ni matatu, "sosi pembeni", "mayonizi usiweke", na "badala ya chipsi nipe mboga". Saladi ikija imeshamwagiwa ile sosi nyeupe inaweza kupita chipsi kwa kalori, kwa hiyo hata saladi useme sosi pembeni, alafu chovya uma kidogo kidogo. Na kama sahani zao ni kubwa mwambie mhudumu nusu afungashe kabisa hukohuko jikoni kabla hajaleta mezani. Ikishafika mezani huwezi kufungasha, utaongea na wenzako huku mkono unaenda wenyewe.

Akikosea oda usinyamaze kwa aibu ukala. Mwite kwa upole, "samahani dada, niliomba sosi pembeni", wengi wanabadilisha bila shida, na kama mafuta yameshamwagwa yote basi kula nusu, mengine mfungashie mtu nyumbani.

Haya, oda zote nilizozisema nimeziandika chini ya video neno kwa neno, piga skrinishoti ukae nazo kwenye simu. Hapa nimezungukia Dar tu, kwa hiyo wa Mwanza na sangara wenu, wa Moshi na mtori, wa Tanga, wa Zanzibar na urojo, niambieni huko mnakula nini mchana na mnaagizaje, na kama una kibanda au unapika mama lishe nakuomba we ndo uandike kwanza, nataka kujua upande wako oda gani inawezekana na ipi inakusumbua, nizirekebishe kwenye video ijayo.