Kamera Imepotea Kwenye Skrini: Uliza Kwanza Imepotea Lini

Mabibi na mabwana, karibuni.

Leo tunaziacha nyota kidogo, tuzungumzie waya. Mpiga picha za anga huchagua darubini kwa makini, huchagua stendi kwa makini, huchagua kamera kwa makini zaidi. Kebo ya kuiunganisha kamera na laptopu haichagui. Ilikuwemo tu kwenye boksi. Usiku ukiharibika, mara nyingi huharibikia hapo.

Ujumbe wa kosa unaotokea kwenye skrini hausaidii sana. "Kifaa hakijatambuliwa." "Kamera haijibu." Maneno hayo hayo hutokea kwa sababu kumi tofauti. Kinachosaidia ni kujua kosa limetokea wakati gani. Kamera haikuonekana tangu mwanzo? Ilionekana, programu ikashindwa kuishika? Ilifanya kazi vizuri, ikapotea baada ya dakika kadhaa? Au ilipotea darubini ilipogeuka? Kila wakati una mkosaji wake. Ukishaujua, hutakesha ukisakinisha upya draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kamera, ilhali ugonjwa ni plagi iliyolegea.

Tuanze na kamera isiyoonekana kabisa. Ifunge kwanza programu ya kupigia picha, kwa sababu swali la kwanza linaihusu kompyuta yenyewe. Kwenye Windows fungua Device Manager, yaani orodha ya vifaa vyote vya kompyuta, kisha chomoa kebo na uichomeke tena huku ukiitazama orodha. Kwenye Linux andika dmesg -w katika dirisha la amri na ufanye vivyo hivyo. Kwenye Mac, soma orodha ya USB katika taarifa za mfumo.

Orodha isipotikisika hata kidogo, hakuna programu itakayokuokoa. Hakikisha kamera imewashwa, halafu ishuku kebo. Kebo ya kawaida ya USB 2.0 ina nyaya nne: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya kurudishia umeme, na mbili za data, ya kijani na nyeupe. Baadhi ya kebo za kuchajia simu zina mbili tu, za umeme. Kwa nje zinafanana kama mapacha. Kamera ikiwekwa kwenye kebo ya namna hiyo huweza kuwasha taa yake, nawe ukaamini imeunganishwa. Jaribu kebo hiyo kwa kuhamishia faili kutoka kwenye simu. Ikishindwa, itoe kabisa kwenye mkoba wa darubini, isikurudie gizani.

Wenye DSLR, yaani kamera za kawaida za kubadilisha lenzi, wana mtego mwingine: baadhi ya Canon zenye Wi-Fi hufunga USB pale Wi-Fi inapokuwa imewashwa. Izime kwenye menyu ya kamera.

Orodha ikitikisika lakini ikaandika kifaa kisichojulikana, pengine na namba ya kosa 43, maana yake ni nyingine. Kompyuta imehisi kuna kitu, imekiuliza "wewe nani?", na jibu halikufika au limefika likiwa limeharibika. Hapo tazama urefu wa kebo, miguso ya plagi, na umeme. USB 2.0 inaruhusu kebo ya mita 5. USB 3.0 huanza kusumbua ikipita mita 3, na kwa kamera inayotuma data nyingi mita 2 zinatosha. Ukiunga kebo mbili kwa kiungio, unakuwa umeongeza urefu na umeongeza mguso mmoja wa kushika umande.

Sasa kamera inayoonekana kwenye orodha lakini programu inaikataa. Hapa usiguse kebo. Kwa kawaida kamera hushikwa na programu moja tu kwa wakati mmoja, na iliyotangulia ndiyo yenye haki. Kwenye Windows, EOS Utility ya Canon huweza kujifungua yenyewe pindi kamera inapochomekwa. Kwenye Linux, mazingira ya Gnome huipandisha kamera kana kwamba ni diski. Gphoto2, programu ya kuiendesha kamera kutoka kwenye kompyuta, ikija inakuta mlango umefungwa na kulalamika kwamba imeshindwa kukidai kifaa cha USB. Isimamishe programu ya Gnome inayoishikilia kamera, iitwayo gvfs-gphoto2-volume-monitor, kisha jaribu tena. Mac nayo ina ptpcamerad yenye tabia hiyo hiyo.

Kwa kamera maalumu za anga, mathalani za ZWO au QHY, tatizo la hatua hii huwa draiva: sakinisha ya mtengenezaji kwanza, ndipo uchomeke kamera. Kwa DSLR, weka gurudumu la modi kwenye M, ya kupanga kila kitu kwa mkono, au B, ya kuiacha shata wazi kwa muda utakao, kama ipo na programu inaihitaji. Wenye Canon za zamani za kizazi cha DIGIC II, kama 350D, wajue kwamba USB peke yake haiwezi kuishikilia shata kwa dakika kadhaa. Zinahitaji kebo ya pili inayoingia kwenye tundu la rimoti ya shata. Hiyo si hitilafu, ndivyo zilivyoundwa.

Nakuja kwenye kundi linalokula usiku mwingi kuliko yote: kamera inafanya kazi, halafu inapotea.

Ikipotea baada ya muda ulio sawa kila mara, basi kuna kitu kinalala. Kamera yenyewe ina mpangilio wa kujizima, uzime. Laptopu nayo, hasa ikitumia betri, hupenda kuzilaza poti za USB. Katika mpango wa umeme wa Windows, zima kipengele cha kuisimamisha USB isiyotumika. Kisha rudi Device Manager, fungua sifa za kila kifaa kilichoandikwa USB Root Hub, na kwenye ukurasa wa umeme toa tiki inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho. Fanya hivyo kwa vyote, si kimoja, kwa kuwa ukihamisha kebo kwenda poti nyingine unaweza kuangukia kile ulichokisahau.

Kabla hujaamini kwamba DSLR imekufa, tazama kama kipunguza chembe cha picha ndefu kimewashwa. Kikiwa kimewashwa, kamera ikimaliza picha ya dakika 5 hupiga nyingine ya dakika 5 shata ikiwa imefungwa, na muda wote huo haizungumzi na mtu. Programu husubiri, huchoka, hutangaza kwamba muunganiko umekatika. Kizime, picha za giza utazipiga mwenyewe mwishoni.

Ikipotea ovyo, bila mpangilio wa muda, nenda kwenye umeme. Hapa naomba tupige hesabu, kwa sababu hesabu hii inafafanua nusu ya vioja vya uwanjani.

Chukua kebo ya USB 2.0 usome maandishi yaliyochapwa kwenye ganda lake. Utakuta kitu kama 28AWG/1P 24AWG/2C. Sehemu ya kwanza ni jozi ya data, ya pili ni nyaya mbili za umeme. Namba ikiwa ndogo, waya ni mnene. Waya wa 28 una ukinzani wa takribani omu 0.21 kwa mita. Wa 24 ni kama omu 0.084. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo kebo ya mita 5 ni mita 10 za waya. Kamera ikivuta ampea 0.5, ambayo ndiyo haki yake kwenye poti ya USB 2.0, kebo yenye nyaya za umeme za 28 inapoteza volti 1 na kidogo. Volti 5 zilizotoka kwenye laptopu zinafika zikiwa chini ya 4. Kwa 24 upotevu ni volti 0.42 tu. Kebo mbili, urefu mmoja, plagi zile zile. Moja inafanya kazi, nyingine inakatika kila kamera inapoanza kusoma sensa.

Ndiyo maana kamera iliyofanya kazi mezani kwa kebo ya mita 1 inagoma uwanjani. DSLR ina betri yake, kwa hiyo haiguswi sana na hesabu hii. Hii ni ya kamera isiyo na betri, inayonyonya umeme wa USB.

Wengine hutibu kwa kuweka habu, yaani kigawanyio cha USB, karibu na darubini. Ni tiba nzuri kama habu ina adapta yake ya umeme. Isiyo na adapta inaongeza tatizo: ampea zile zile za poti moja sasa zinagawanywa kwa kamera kuu, kamera ya kuongozea darubini, kifokasi (mota ya kulenga) na stendi.

Tofautisha pia umeme wa USB na ule wa volti 12 unaoendesha kipoozeo cha sensa. Sensa na mawasiliano kwa kawaida hutegemea USB. Kipoozeo hutegemea volti 12. Kamera ikikatika pale tu kipoozeo kinapopanda kuelekea asilimia 100, pima volti 12 kwa mita ya umeme, hasa pale habu nayo inapolishwa na chanzo hicho hicho. Mikanda ya kuzuia umande ikiwaka pamoja na kipoozeo huishusha volti, habu inazimika kwa sekunde moja, na lawama inakwenda kwenye draiva.

Kasi nitaipitia haraka, maana watu huihofia kupita kiasi. Picha ya megapikseli 26 kwa baiti 2 kila pikseli ni megabaiti 52. USB 2.0 imeandikiwa megabiti 480 kwa sekunde, lakini kiuhalisia hupitisha kama megabaiti 40 ikiwa katika hali nzuri. Kwa anayepiga Kilimia kwa picha za dakika 3, sekunde moja au mbili za kuhamisha picha si hoja. Hoja ni kwa anayerekodi Mshtarii au Zohali kwa fremu nyingi kila sekunde. Huyo akiona fremu zinaanguka au picha zina mistari iliyokatika, apunguze kiwango cha trafiki ya USB ndani ya programu, mathalani kutoka 80 hadi 40, kisha apandishe polepole.

Athibitishe pia kwamba ameunganishwa kwa kasi anayoidhani. Kwenye Linux, lsusb -t huonyesha 480M au 5000M. Plagi ya USB 3.0 ikiingizwa polepole, miguso ya USB 2.0 hugusa kwanza na kifaa huweza kujiandikisha kwa kasi ndogo, kikabaki hapo. Ichomoe, uisukume kwa mkupuo mmoja. Na plagi ya aina ya C si cheti cha kasi. Kebo nyingi za C ndani yake ni USB 2.0 tupu.

Limebaki la kamera inayopotea darubini ikigeuka. Hilo ni la kamba na mikono. Funga kebo kwa mkanda wa velkro sentimita 10 hivi kutoka kwenye tundu la kamera, ili uzito uning'inie kwenye mkanda, usiivute plagi. Acha kitanzi karibu na mihimili ya stendi. Mchana, kamera ikipiga picha za sekunde 2 mfululizo, igeuze stendi kutoka mashariki hadi magharibi, ukizitazama kebo kwa macho. Kisha itikise kila plagi kidogo kwa kidole. Itakayokatika mchana ungeikuta imekatika usiku. Unapotafuta, badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja: kebo, halafu poti, halafu habu. Ukibadilisha vitatu pamoja na kamera ikapona, hujui kilichoiponya.

Naona swali pale nyuma: je, kama laptopu iko ndani ya nyumba, mita 15 kutoka kwenye darubini? Kebo za USB zenye kikuza mawimbi zipo, lakini kila kikuza nacho kinakula umeme. Mimi ningeweka kompyuta ndogo juu ya stendi, kebo za USB ziwe nusu mita, kisha niiendeshe kwa mbali. Kebo ya mtandao ya kawaida inafika mita 100. Ukipendelea Wi-Fi, tumia bendi ya gigahezi 5, kwa kuwa USB 3.0 hutoa kelele za redio zinazoingilia gigahezi 2.4, na kompyuta hiyo itakuwa imekaa sentimita chache tu kutoka kwenye kebo zako.