Rafu ya Mtoto Ihimili Uzito wa Mtoto

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Rehema, na niko na Fundi Shomari kama kawaida. Shikamoo, fundi.

SHOMARI: Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?

REHEMA: Hajambo, jana katimiza miezi mitano. Na mada ya leo ni yake. Kile chumba tulichokuwa tunawekea mabegi na baiskeli sasa ndicho chumba chake. Kitanda kimeingia, chandarua kimefungwa, ila vitabu vyake bado viko kwenye ndoo. Nataka rafu ya mbao ya ukutani, na nataka niitengeneze kwa mikono yangu.

SHOMARI: Vizuri sana. Unataka kuifunga wapi?

REHEMA: Juu ya kitanda. Ndipo ukuta ulipobaki wazi.

SHOMARI: Hapo hapana, mwanangu. Binti yangu wa kwanza alipozaliwa nilimtengenezea rafu ya mninga, nzito, nikaifunga juu ya kitanda chake. Usiku mmoja ikadondoka. Mtoto alikuwa na homa, kwa hiyo usiku huo mama yake alikuwa amemchukua alale naye. Niliikuta rafu imelala pale anapowekaga kichwa. Toka siku hiyo sifungi kitu juu ya mahali anapolala mtoto, hata mteja asisitize vipi.

REHEMA: Pole sana, fundi. Ilidondoka kwa sababu gani?

SHOMARI: Skrubu zangu ziliishia kwenye lipu, hazikuingia kwenye tofali. Lipu ina unene wa sentimita moja na nusu hivi. Ukigonga unaona pagumu, lakini haishiki uzito. Fanya hesabu: ubao wako ukisharandwa una sentimita mbili, lipu moja na nusu, jumla tatu na nusu. Ukitumia skrubu ya sentimita nne, nusu sentimita tu ndiyo iliyogusa tofali. Tumia ya sentimita saba. Toboa kwa biti ya ukuta, ile ncha ya drili, ya milimita 8, ingiza fisha ya namba hiyo hiyo, kile kiplastiki kinachoshika skrubu, na hiyo fisha izame kwenye tofali lenyewe. Ukiona vumbi linalotoka limebadilika rangi, au biti imeanza kwenda kwa shida, ujue lipu umeshaipita.

REHEMA: Na nikitoboa nikakuta uwazi? Nyumba yetu ina tofali zenye matundu.

SHOMARI: Sogea kidogo, tafuta pagumu. Tundu lililopwaya usilijazie vijiti vya kiberiti, nimeshaona watu wanafanya hivyo. Tena usitoboe juu au chini ya swichi na soketi, waya hupita humo.

REHEMA: Lakini fundi, vitabu vyenyewe ni vyepesi. Kumi havifiki hata kilo mbili.

SHOMARI: Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wewe unahesabu vitabu. Mwanao baada ya miezi mitatu, minne, ataanza kujivuta asimame, na atashika chochote kilicho mbele yake. Akifikisha mwaka ana kilo tisa, kumi. Ataning'inia kwenye hiyo rafu. Kwa hiyo ijenge kwa uzito wake yeye.

REHEMA: Basi niipandishe juu asiifikie.

SHOMARI: Ukiipandisha, vitabu vimekuwa vyako, si vyake. Mimi naiweka sentimita hamsini kutoka sakafuni, akikaa anaviona, akisimama anavishika. Ya pili ipande sentimita arobaini juu yake.

REHEMA: Hilo limenigusa, maana nina jambo langu kuhusu vitabu vyenyewe. Vitabu vingi vya watoto vya Kiswahili ni vyembamba, vimebanwa kwa pini katikati. Havina mgongo wa kuandikwa jina. Ukivipanga kwa kusimamisha kama vya watu wazima, vinapotea, mtoto anaona kingo za karatasi tu. Watu wamehangaika miaka mingi ili vitabu hivi viwepo. Mradi wa Vitabu vya Watoto upo hapa Tanzania tangu 1991. Halafu kitabu kikifika nyumbani kinazama kwenye ndoo! Mimi nataka jalada limtazame mtoto. Aone yule tembo, aone rangi.

SHOMARI: Basi unachotaka ni rafu nyembamba yenye kizuizi mbele, na hiyo ni rahisi kuliko zote. Nunua ubao mmoja wa inchi moja kwa nne, urefu futi kumi na mbili. Huo ni kama sentimita 365. Kata vipande vinne vya sentimita 80, viwili vya kukalia vitabu, viwili vya mgongo. Ongeza ubao wa inchi moja kwa mbili, ukate viwili vya urefu huo huo, ndivyo vizuizi. Hapo una rafu mbili kamili.

REHEMA: Na kuunganisha?

SHOMARI: Gundi nyeupe ya mbao, kisha skrubu kutokea nyuma ya mgongo kuingia kwenye kikalio. Toboa kwanza kwa biti nyembamba, la sivyo paini itapasuka pembeni. Kizuizi nacho gundi na skrubu, vichwa vizame.

REHEMA: Kwa hiyo paini, si mninga?

SHOMARI: Paini ya Mafinga inatosha, ni nyepesi na inakatika kwa msumeno wa mkono. Shida yake ni kuuzwa mbichi. Uliyoshika ikiwa nzito kuliko wenzake, iache. Halafu funga jicho moja, tazama ubao kwa urefu wake, utaona kama umejikunja. Ukifika nao nyumbani uweke kivulini wiki mbili, na vijiti chini yake upate hewa.

REHEMA: Rangi? Nilipenda kijani.

SHOMARI: Utakachokipaka atakila. Kile kizuizi cha mbele ndicho atakachokitafuna meno yakianza. Rangi ya mafuta iliyobaki stoo miaka na miaka usiiguse, inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Mimi napiga msasa, namba 120 halafu 240, kona zote nazivunja ziwe duara, kisha napaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya nazi. Nta sehemu moja, mafuta sehemu tatu. Yeyusha bakuli likiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe.

REHEMA: Kijani nimekiacha. Sasa nimebaki na ukuta wa dirishani na ule unaopakana na sebule.

SHOMARI: Wa sebuleni. Wa nje masika hunyonya maji, vitabu vitaota ukungu. Ukishafunga, weka viganja vyote viwili juu ya kizuizi, ukandamize kwa uzito wako. Ikitikisika hata kidogo, fungua uanze upya.

REHEMA: Drili sina, fundi.

SHOMARI: Jumamosi nakuja na yangu. Wewe uwe umeshapiga msasa.