Mkufu wa shanga na waya ya shaba: unganisha kwanza, funga baadaye

Karibuni. Leo tunatengeneza mkufu wa shanga 25, kila shanga na vitanzi vyake viwili vya waya, kimoja huku na kingine huku. Ndani hamna uzi, kwa hivyo hakuna cha kuoza kwa jasho wala cha kukatika shanga zimwagike ndani ya matatu.

Waya tunaitoa duka la vifaa vya stima. Omba kebo ya 2.5 (yaani milimita mraba 2.5) yenye nyuzi saba, sentimita 50. Taja hizo nyuzi saba, maana kuna 2.5 nyingine yenye waya moja nene na hiyo haipiti kwenye shanga. Kila uzi una unene wa milimita 0.67, na nyuzi saba za nusu mita ni mita tatu na nusu za waya. Omba pia kebo ya 1.5 yenye waya moja, sentimita 10 zinatosha. Hiyo ni ya kulabu ya kufungia mkufu shingoni.

Plastiki ichane kwa wembe kutoka mwanzo hadi mwisho, ukielekeza wembe mbali na mkono. Usiichome. Moshi wake ni sumu, na shaba inatoka nyeusi, utasugua hadi jioni. Ukishazitenganisha nyuzi, shika ncha moja kwa plaizi, bana waya kwa kitambaa na uivute mara mbili ili inyooke. Mara mbili basi. Shaba kila ukiivuta au kuikunja inazidi kuwa ngumu, na ikiwa ngumu sana inakatika.

Kata vipande vya sentimita 9. Kila uzi unatoa vitano, jumla 35. Tunahitaji 25, na hizo kumi za akiba utazishukuru.

Shanga zangu leo ni za mawe ya Kisii, yale yanayochimbwa Tabaka, milimita 8. Nazipenda kuliko za plastiki kwa sababu zina uzito na mkufu unatulia shingoni. Ila jiwe hili ni laini, hata ukucha unaweza kulikwaruza, kwa hivyo plaizi isiliguse kabisa. Ukienda kutafuta shanga Kibuye Jumapili, beba kipande cha waya mfukoni ujaribu tundu kabla hujalipa. Tundu likiwa dogo kidogo, lowesha shanga, zungusha sindano nene ndani polepole, halafu suuza. Maji yanazuia vumbi lisiingie puani. Ukilazimisha waya, mdomo wa tundu unameguka.

Sasa kitanzi. Plaizi ni mbili: ya mdomo wa duara na ya mdomo bapa. Kwenye ile ya duara piga alama kwa maka pale mdomo una unene wa milimita 3, na kila kitanzi kipitie hapo hapo. Bila alama, vitanzi vinatoka kimoja cha mama, kimoja cha mtoto.

Shika waya sentimita tatu na nusu kutoka nchani, kunja mkia hadi ulale kama pembe ya meza. Weka plaizi ya duara kwenye mkunjo, pandisha mkia juu ya mdomo, uzungushe mpaka ukwame. Geuza plaizi, mdomo wa chini uingie ndani ya kitanzi, malizia mzunguko mpaka mkia upite juu ya shingo ya waya, ile sehemu iliyonyooka chini ya kitanzi, kama msalaba.

Simama hapo. Usizungushe mkia bado.

Shanga ya kwanza peke yake ndiyo unayoruhusiwa kuendelea nayo, kwa sababu haina mwenzake. Kuanzia ya pili, kitanzi kikiwa bado wazi hivi, kipitishe kwanza ndani ya kitanzi kilichofungwa cha shanga iliyotangulia. Unganisha, halafu funga. Ukishafunga, hakuna mlango tena. Ukijaribu kufungua uirudishe, shaba imeshakuwa ngumu, itakatika mkononi, na sentimita 9 zimekwenda.

Fanya hivi: laza mkufu wako juu ya plaizi bapa kila wakati. Kufunga kunahitaji plaizi bapa, na huwezi kuichukua bila kugusa mkufu. Mkono ukigusa mkufu, unakumbuka kuunganisha.

Umeunganisha? Sasa bana kitanzi kwa plaizi bapa, zungusha mkia kwenye shingo mara tatu, kutoka kitanzini ukishuka, mizunguko ikae bega kwa bega. Mizunguko mitatu ya waya hii inajaza milimita 2. Kata mkia, kandamiza ncha. Ingiza shanga, acha milimita 2 za shingo upande wa pili, kunja, tengeneza kitanzi, funga. Huu upande wa pili unafunga moja kwa moja bila kuungana na kitu.

Narudia, maana hapa ndipo kazi inapoharibika: kitanzi cha juu, yaani cha kwanza, unganisha kabla ya kufunga, cha chini funga tu.

Subirini, sogeza kamera hapa. Mnaiona ya sita? Shanga inacheza, kuna mwanga kati ya jiwe na mizunguko. Shingo iliachwa karibu milimita 3 badala ya 2. Bahati mkia haujakatwa, kwa hivyo naongeza mzunguko wa nne na pengo limekwisha. Ndiyo maana tikisa shanga kabla ya kukata mkia, siyo baadaye.

Nyingine zote ni vivyo hivyo, naharakisha video. Kila shanga na vitanzi vyake inachukua kama milimita 18, hivyo 25 zinafika kama sentimita 45. Kitanzi cha mwisho kabisa kifanye kikubwa, milimita 5, ndicho kinachopokea kulabu.

Kulabu: chukua sentimita 6 za ile waya nene. Ncha moja ikunje kidogo iangalie nje, halafu pinda waya juu ya biki upate ndoano. Ncha nyingine fanya kitanzi. Lilaze juu ya chuma na uligonge pole pole kwa nyundo kwenye pindo. Kugonga kunalifanya gumu, lisifunguke likivutwa. Gonga kabla ya kulitia kwenye mkufu, usije ukapasua jiwe. Halafu pitisha kitanzi chake kwenye kitanzi cha shanga ya kwanza na ukibane.

Sasa chukua soksi ya nailoni na upitishe mkufu wote juu yake. Panaponasa, kuna ncha inayochungulia, na hiyo ndiyo ingekukwaruza shingo. Kandamiza au piga tupa kidogo, pitisha tena.

Joto letu la Kisumu na jasho vitaifanya shaba iwe nyeusi, na kwa wengine ngozi inaacha alama ya kijani, ambayo inatoka kwa sabuni. Ukivua, futa mkufu kwa kitambaa kikavu. Ndimu na chumvi zinang'arisha waya vizuri, lakini zitumie kabla hujavisha shanga, hasa zile za simbi (magamba ya baharini), kwa sababu ndimu inazila.