Kiuno kisizidi nusu ya urefu

Mhadhara kwa wauzaji wa soko na madereva wa komini ya Kenya, Lubumbashi

Bamama, bababa, na ninyi vijana wa taksi mliosimama mlangoni, karibuni mkae. Asanteni kwa kufunga meza mapema.

Nimekuja na meta ya mshonaji. Mizani nimeiacha kwa makusudi. Mama aliyewahi kupeleka mtoto kwenye kituo cha afya anaujua ule mkanda wa rangi tatu unaozungushwa mkononi. Mkono wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ukiwa chini ya sentimeta 11.5, mkanda unaonyesha nyekundu, na hakuna anayebishana: mtoto anaanzishiwa matibabu. Kwa njaa ya mtoto tumeuamini mkanda. Ninaomba tuuamini pia kwa tumbo la mtu mzima, maana nyumba moja inaweza kuwa na mtoto aliye kwenye nyekundu na baba ambaye kiuno chake kimepita mita moja, wakila bukari ya chungu kilekile.

Kwa nini si mizani? Hesabu ya uzito na urefu tunayotumia hospitali, yaani kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ilitoka kwa Mbelgiji, Adolphe Quetelet, miaka ya 1830. Hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa nyota na takwimu, akitafuta mtu wa wastani ana umbo gani. Ukitazama umati wa watu, hesabu yake inafaa. Ukimtazama mtu mmoja, inaficha mengi. Chukueni wanaume wawili, kila mmoja ana urefu wa sentimeta 170 na kilo 80. Wa kwanza anabeba magunia ya unga kutwa nzima, kiuno chake ni 84. Wa pili anakaa kwenye kiti cha duka, kiuno chake ni 101. Hesabu ya Quetelet inawapa wote wawili 27.7. Mimi nasema hatari yao haifanani hata kidogo.

Mwaka 1947, daktari wa Marseille aitwaye Jean Vague aliandika kwamba kilo peke yake hazisemi yote: wenye mafuta sehemu ya juu ya mwili na tumboni ndio wanaoandamwa zaidi na sukari na magonjwa ya mishipa, kuliko wenye mafuta kwenye nyonga na mapaja. Wengi hawakumsikiliza kwa miaka mingi. Baadaye utafiti wa INTERHEART, uliofanyika katika nchi 52, Afrika ikiwemo, ulionyesha mwaka 2005 kwamba kiuno kikilinganishwa na nyonga kinatabiri shambulio la moyo vizuri kuliko ile hesabu ya kilo. Kwa hiyo, bamama, msizichukie nyonga zenu. Mafuta ya pale kwa sehemu kubwa yametulia.

Ya tumboni hayatulii. Sisemi yale unayoyabana kwa vidole chini ya ngozi. Nasema yale ya ndani, yanayozunguka utumbo. Hayakai kimya kama gunia la unga ndani ya depo. Yanamwaga asidi za mafuta kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini linajaa mafuta, linaacha kuitii insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, linaendelea kutoa sukari kwenye damu hata usipokula. Kongosho linalazimika kutengeneza insulini nyingi zaidi, mpaka siku linachoka. Mafuta hayohayo yanatoa kemikali za uvimbe zinazodhuru mishipa, na tansio, yaani shinikizo la damu, inapanda. Ndiyo maana sukari, tansio, ugonjwa wa moyo na kiharusi hupenda kukaa katika mtu mmoja. Na mwanamke aliyekoma hedhi ajipime hata kama kilo hazijabadilika, kwa sababu umri huo mafuta huhama kutoka nyonga kwenda tumboni.

Sasa namba. Shirika la Afya Duniani linasema hatari inaanza kupanda kiuno kikizidi sentimeta 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na inakuwa kubwa zaidi kuanzia 102 na 88. Lakini mipaka hiyo ilitoka kwa Wazungu, sisi tumeazimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wa watu zaidi ya 24,000 wa Afrika kusini mwa Sahara, ulipata mpaka wa karibu 81 kwa wanaume na wanawake. Angalieni tofauti hiyo: mwanamume wa 90 tunayemwambia aende nyumbani salama, huenda hayuko salama. Jambo hili linanikera, na ndiyo sababu napenda kanuni isiyomwacha mfupi wala mrefu: kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wako. Una 170, usifike 85. Una 160, usifike 80. Hata mwembamba wa kilo 62 mwenye urefu wa 170, kiuno kikiwa 90, ana la kuangalia.

Kupima: fungua nguo, tafuta mbavu ya mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, zungusha meta katikati ya hapo, ilale sawa na sakafu, toa pumzi kawaida, soma. Bababa, msivute tumbo ndani! Mjamzito hapimwi. Na tumbo likivimba huku mikono na miguu ikikonda, acha meta, nenda hospitali, huenda ni maji na ini ni gonjwa.

Kufunga kitenge kwa nguvu hakuondoi mafuta ya ndani, wala mazoezi ya kuinua tumbo peke yake. Kutembea kwa kasi kila siku kunayapunguza, hata kabla mizani haijasema kitu. Bukari ipungue kidogo, sombe, maharagwe na lengalenga ziongezeke, soda na pombe zipunguzwe sana, sigara iachwe.

Atakayepita nusu leo asiogope, asiseme pia kwamba kitambi ni cha upatroni. Aende apimwe tansio, na sukari kabla ya kula. Tansio ikirudia kufika 140 kwa 90, au sukari ikifika miligramu 126 kwa desilita mara mbili, dawa zipo na daktari atapanga. Bamama watapimwa chumba cha nyuma na muuguzi mwanamke, bababa hapa mbele. Kila mmoja aandike namba zake mbili, kiuno na urefu.