Mtoto Abaki kwa Bibi, au Niende Naye Chuo?

MAMA TUMAINI: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Baba Nuru, habari za tangu juzi?

BABA NURU: Njema kabisa, Mama Tumaini. Hofu kwenu.

MAMA TUMAINI: Sisi wazima. Leo tuna ujumbe wa sauti wa dada mmoja wa Sumbawanga. Ni mwalimu wa sekondari, amepata nafasi ya uzamili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanawe ana miaka miwili na nusu. Anasema ndugu wameshakaa kikao na wote wameamua mtoto abaki kwa bibi yake. Aliyebaki hajaamua ni yeye mwenyewe. Nilipomaliza kuusikiliza niliweka simu chini nikakaa kimya, maana ujumbe ule ungeweza kuwa wangu.

BABA NURU: Tumaini alikuwa na miaka mingapi mlipotoka Njombe?

MAMA TUMAINI: Mitatu kasoro miezi miwili.

BABA NURU: Basi nianze mimi, kwa sababu naona wewe jibu unalo tayari. Mtoto kubaki kwa bibi si kosa wala si aibu. Mimi nimelelewa na bibi, Muheza, mpaka nikaingia darasa la pili. Mama alikuwa anasomea uuguzi. Nilikula, nilicheza, nilipendwa. Ila nakumbuka siku mama aliporudi. Alisimama mlangoni na begi lake, mimi nikamwamkia shikamoo kama mgeni, kisha nikaenda kujificha nyuma ya kanga ya bibi.

MAMA TUMAINI: Ee Mungu wangu.

BABA NURU: Mama mpaka leo haizungumzii siku ile. Kwa hiyo namwelewa huyu dada, na ndugu zake nawaelewa pia.

MAMA TUMAINI: Mimi niliondoka naye kwenda kusoma Dar. Tulipanda basi alfajiri, baridi ya Njombe unaijua, nimemvika sweta mbili na kofia. Tukashuka mlima wa Kitonga, joto likaanza, sweta ya kwanza ikatoka. Pale Mikumi barabara inakatiza katikati ya hifadhi, kama kilomita 50 hivi, na twiga walikuwa wamesimama karibu na lami. Alipiga kelele basi zima likageuka. Tulipofika stendi ya Mbezi usiku, alikuwa amebaki na fulana.

Kesho yake mchana nikafungulia bomba nimwogeshe. Kwetu maji ya mtoto lazima uyapashe jikoni. Akatia mkono kwenye beseni, akaniangalia, akaniuliza, "Mama, nani amechemsha?" Hakuna aliyechemsha. Ni tanki lilikuwa juani.

BABA NURU: Na hilo joto ndilo linaloleta mambo mengine. Vipele vya jasho, halafu mbu.

MAMA TUMAINI: Mbu ndio nilikuwa siwajui. Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, kwa sababu ya mwinuko na baridi. Mtoto aliyekulia kule hajawahi kulala ndani ya neti, na mwili wake haujazoea malaria hata kidogo. Wiki ya kwanza alilia kila usiku, anasema neti inamkamata. Nikawa naingia naye, nalala upande wa ukutani mpaka apitiwe. Dada yangu wa Sumbawanga, neti yenye dawa ije kwenye begi lako, usingoje kununua ukifika. Na homa yoyote ile, usimpe dawa ya kutuliza ukakaa. Peleka akapimwe, siku hiyohiyo.

BABA NURU: Na Dar kuna homa ya dengi pia, ilisumbua sana mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wake anauma mchana. Kwa hiyo makopo na matairi yenye maji uani, mwaga.

MAMA TUMAINI: Kadi ya kliniki nayo ije. Niliifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vyangu vya shahada. Muuguzi wa Dar hakujui, ila kwenye kadi anaona chanjo zote, surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18, na uzito wa kila mwezi.

BABA NURU: Tuje kwenye nyumba. Watu wengi wanatafuta chumba karibu na darasa. Changanyikeni, Msewe, Makongo, Survey.

MAMA TUMAINI: Na mimi nilitafuta hivyohivyo, na hapo ndipo nilipokosea. Wenye nyumba wengi wa Dar wanataka kodi ya miezi sita au mwaka, kwa mkupuo. Dalali naye ana yake ya mwezi mmoja. Ukishalipa umelipa, huwezi kuhama. Mimi nililipa miezi sita kwenye chumba kizuri, karibu na chuo, halafu ndipo nikaanza kuuliza nani atakaa na mtoto.

BABA NURU: Kulikuwa na deikea, kituo cha kulelea watoto mchana?

MAMA TUMAINI: Ilikuwepo, ukuta umechorwa twiga na tembo. Siku ya tatu kipindi kiliahirishwa, nikapita saa nane mchana bila kutoa taarifa. Watoto wote wamelazwa chumba kimoja, wamegeuzwa ukutani, na dada mmoja tu, yuko kwenye simu. Tumaini alikuwa macho. Hakulia. Alikuwa anakwangua rangi ya ukuta kwa ukucha. Nilimbeba nikaondoka naye, hata viatu vyake nikavisahau.

BABA NURU: Pole sana, mama.

MAMA TUMAINI: Nimeshapoa. Lakini wasikilizaji, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo hivi visajiliwe. Omba uone cheti. Ukiona wanazungukazunguka, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa, muulize. Na nenda saa ambayo hawakutegemei. Angalia choo. Uliza wako watoto wangapi na dada wangapi, na nani anaruhusiwa kumchukua mtoto getini.

BABA NURU: Na hata kituo kikiwa kizuri, kinafungwa saa kumi na moja.

MAMA TUMAINI: Hapo sasa! Hapo ndipo penyewe. Vipindi vya uzamili vingi ni vya jioni, kwa sababu wanafunzi wengi ni watu wa kazini. Unaingia darasani saa kumi na moja, unatoka saa mbili usiku. Deikea inafunga geti wakati mwalimu anafungua slaidi. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hilo. Ada niliambiwa, kodi niliambiwa, hayo masaa matatu ya jioni sikuambiwa.

BABA NURU: Kwetu ilikuwa mimi. Mke wangu alikuwa anasoma pale Upanga, mimi nikahamia na Nuru, tukakaa Kimara. Masika moja mvua ilipiga tangu asubuhi, Jangwani pakajaa maji, barabara ikafungwa. Mama yuko ng'ambo ile, mtoto ananyonya bado, yuko huku. Nilimpa uji kwa kijiko mpaka saa nne usiku, anageuza uso anatafuta mlango. Mke wangu alizunguka njia za mbali, akafika amelowa mpaka mgongoni. Kama ningekuwa kazini siku ile, sijui.

MAMA TUMAINI: Ndiyo nasema lazima awepo mtu. Mimi wangu nilimpata bila kutafuta. Jirani, mama mtu mzima, jioni anakaanga chapati hapo nje ya geti. Kazi yake yenyewe inamweka nyumbani jioni. Tulipatana malipo ya kila Ijumaa, na nilimlipa kabla sijanunua kitu kingine chochote. Nilikuwa nikirudi saa mbili na robo namkuta Tumaini amelala kwenye mkeka nyuma ya jiko, kitenge juu, kipande cha chapati kimebaki mkononi. Yule mama ndiye aliyenisomesha. Kwenye shukrani za tasnifu yangu yumo, mstari wa pili, baada ya msimamizi wangu.

BABA NURU: Wengine wanaleta dada wa kazi kutoka nyumbani.

MAMA TUMAINI: Akiwa mtu mzima, mkapatana mshahara, sawa. Lakini usimtoe mtoto wa mwenzio darasani aje alee wako ili wewe usome. Hilo nitalisema kila kipindi.

BABA NURU: Tumjibu basi dada yetu. Mimi nimelegea kidogo, lakini bado nasema bibi yupo.

MAMA TUMAINI: Na mimi simtupi bibi. Dada, kwanza barua ya ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri iwe mkononi, usiondoke kwa ahadi ya mdomo, mshahara wako ndio chakula cha mtoto. Kisha njoo Dar mwezi wa tisa, peke yako, wiki mbili. Fikia kwa ndugu au rafiki. Usilipe kodi. Tembea mitaa hiyo saa kumi na mbili jioni, siyo asubuhi na dalali. Kaa kwenye vibaraza, nunua chapati, salimia wamama, ona nani yuko nyumbani saa hizo na watoto wanamkimbilia nani. Ukimpata huyo, tafuta chumba karibu na yeye, hata kama ni mbali na chuo. Usipompata, mtoto abaki kwa bibi muhula wa kwanza, wewe uendelee kutafuta, na likizo ukamchukue.

BABA NURU: Muhula mmoja?

MAMA TUMAINI: Mmoja. Na umpigie simu kila siku kabla hajalala, ajue sauti yako iko wapi.

BABA NURU: Na mwaka wa tasnifu?

MAMA TUMAINI: Mwaka huo ni mwepesi kwa mtoto. Mimi data zangu nilikusanyia Njombe, tukarudi naye miezi mitatu. Siku tuliyofika, asubuhi, alitia mkono kwenye maji ya bomba akautoa mbio, akaenda kumwambia bibi yake kwamba maji yake yameharibika.