Kabla Hujapuliza Noti ya Kwanza

Wazazi wetu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Asanteni kwa kubaki baada ya mazoezi. Najua njaa inauma, na harufu ya pilau inatoka jikoni, kwa hiyo sitawaweka sana.

Nimeombwa niongee na nyinyi wapiga matarumbeta mliosema mnataka kwenda usaili wa kikosi mwaka huu. Wazazi nao wamekuja, kwa sababu mtoto akikwambia anataka kuondoka mwezi wa tano arudi mwezi wa nane, lazima uulize anakwenda wapi na nani. Niwaeleze kidogo.

Kikosi ninachokisema ndicho Wamarekani wanachokiita dram ko. Ni vijana zaidi ya mia na hamsini uwanjani, wapiga matarumbeta, wapiga ngoma na wapeperusha bendera, wanaopiga muziki huku wakitembea na kukimbia kwa mpangilio. Hakuna saksafoni wala klarineti. Asili yake ni vyama vya wanajeshi waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, ambao waliwaanzishia watoto wa mitaa yao vikundi vya ngoma na tarumbeta za jeshi, zile zisizo na vali, yaani vitufe vya kubonyeza. Mashindano makuu kama tunavyoyajua leo yalianza mwaka 1972 kule Whitewater, Wisconsin. Tangu mwaka 2009 fainali zinafanyika hapa hapa Indianapolis, kwenye uwanja wa Lucas Oil ambao mnaupita kila mkienda mjini. Na tangu mwaka 2000 kanuni zinaruhusu tarumbeta za ufunguo wowote. Kwa hiyo ile ya shule mliyoazima inatosha kwendea usaili, na ukikubaliwa kikosi kitakupa ya kwao.

Watu wa pwani mliopo hapa, hili si geni kwenu kama mnavyodhani. Ngoma ya beni ya Mombasa, Lamu na Tanga ilikuwa hivi hivi: vyama viwili vinashindana, kama Marini na Arinoti kule Tanga, watu wamevaa sare na kupewa vyeo vya kijeshi, ngoma na tarumbeta zinapita barabarani, na mji mzima unajadili nani amemshinda nani. Nasema hivi ili kijana asiingie kwenye ukumbi wa usaili akihisi amekuja kuomba kitu cha wenyewe.

Sasa vijana, nisikilizeni.

Mimi usaili wangu wa kwanza nilikwenda nikiwa na miaka 18, na baritoni, tarumbeta ya sauti nene, ya kuazima. Nimekulia Moshi, kwenye matarumbeta ya kanisa la Kilutheri, na huko tulijua kupiga mpaka sauti ivuke korongo. Nilijiandaa miezi mitatu kwa kipande kimoja kigumu, noti za juu tupu, vidole vinakimbia. Nikaingia chumbani, walimu wawili wamekaa. Nikapiga. Nikamaliza bila kosa hata moja.

Mmoja akaniambia, vizuri, sasa rudia mistari miwili ya kwanza, ila noti ziungane, ulimi uguse mwanzo tu. Nikarudia vile vile, kwa nguvu zaidi. Akanieleza tena kwa maneno mengine, kwa upole, akaimba mwenyewe nisikie. Nikapiga vile vile mara ya tatu. Akaandika kitu, akanishukuru. Baada ya wiki moja ikaja barua pepe: asante, jaribu tena mwakani. Ilikuja na karatasi ya maoni, nami bado ninayo. Imeandikwa kwamba sauti yangu ni nzuri, lakini sibadiliki ninapoelekezwa.

Niliumia, sitawaficha. Lakini karatasi ile ilisema kweli. Nilikuwa nimejizoeza kupiga kitu kimoja kwa namna moja, na sikuwahi hata siku moja kujizoeza kubadilika. Kikosi kina majira mafupi. Onyesho linafumuliwa na kushonwa upya hadi wiki ya mwisho. Mwalimu anayekusaili anajiuliza jambo moja: huyu nikimwambia leo, kesho atakuwa amefanya? Aliyekwisha kuiva lakini hafundishiki ni mzigo kwake. Mwenye sauti ya kawaida anayebadilika papo hapo atapewa nafasi.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalowapa halimo kwenye kitabu chochote. Kaeni wawili wawili. Mmoja apige mapigo manane ya wimbo wowote, mwenzake ampe agizo moja tu: punguza sauti nusu, au noti ziwe fupi, au anza pole umalizie kwa nguvu. Apige tena mara moja. Msikilizaji aseme kweli kama amesikia tofauti. Mara nyingi mpigaji anadhani amebadilika sana, na aliyekaa mbele yake hakusikia chochote. Hapo ndipo utajua ukubwa wa badiliko linalotakiwa. Fanyeni hivi kila mkikutana, kuanzia leo hadi usaili, mwezi wa kumi na moja.

Tuje kwenye pumzi, na hapa nitakaa kidogo.

Msaili anakujua kabla hujatoa sauti, kwa namna unavyovuta hewa. Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 80 kwa dakika. Vuta hewa kwa mapigo manne, itoe kwa mapigo manne. Mdomo uwe na umbo la mtu anayesema "oo". Hewa ikiingia kwa kelele ya mkwaruzo, koo limebana, lifungue. Mabega yasipande. Sasa angalieni kosa ambalo karibu kila mmoja wenu analo, na nimeliona hata leo mazoezini: mnavuta, mnafika juu, halafu mnaganda. Mnaishika hewa kidogo, kama mtu anayetaka kupiga mbizi, ndipo mnapiga. Ile noti inatoka na kishindo mbele yake, "k'pa". Pumzi ni kama bembea. Ikifika juu haisimami, inageuka. Wakati hewa inapogeuka ndipo noti inapozaliwa, ulimi unaigusa tu. Fanya bila tarumbeta kwanza, kiganja mbele ya mdomo, usikie upepo ukigeuka. Kisha puliza hewa tupu ndani ya tarumbeta bila kutoa sauti, vidole vikifuata wimbo. Kisha imba. Kisha ndiyo upige. Mkinifuata kwa mpangilio huo, wiki ya pili mtasikia wenyewe.

Kuna mtu mmoja namtaja kila mara, Arnold Jacobs, aliyepiga tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, kwenye orkestra ya Chicago Symphony tangu 1944 hadi 1988. Mapafu yake hayakuwa mazima, uwezo wake wa hewa ulikuwa mdogo kuliko wa watu wengi. Hata hivyo sauti yake ilijaza ukumbi, na wapuliza ala walitoka mbali kwenda kwake kujifunza. Alichowafundisha ni kuacha kuhangaika na misuli, na kuuimba wimbo kichwani wakati hewa inakwenda. Mwenye kifua kidogo hapa asijikatie tamaa.

Noti ndefu ni za kila siku. Lipo zoezi linaloitwa kwa jina la Emory Remington, aliyefundisha tromboni Rochester, New York, na karibu kila kikosi kina namna yake ya kulipiga. Unaanza na noti ya katikati, unashuka nusu hatua na kurudi, unashuka hatua nzima na kurudi, hivyo hivyo mpaka chini. Ni jepesi mno kwa vidole, na ndiyo sababu linamfichua mtu. Kila noti iwe na rangi ile ile, unene ule ule, mwanzo ule ule. Lipigeni simu ikitoa sauti moja ndefu isiyokatika, nanyi mkae ndani ya sauti ile mpaka msijisikie. Ukijisikia peke yako, uko nje.

Kila kikosi kinatoa kitabu chake cha mazoezi kwa wanaokuja usaili. Msikipige chote kwa siku moja. Na hapa lazima niseme jambo kuhusu sisi. Wengi wetu tumejifunza kwa sikio, au kwa sol-fa ya kwaya. Baadhi yenu mmeniambia kwa aibu kwamba hamsomi noti za mistari vizuri. Kusoma mtajifunza, na muanze wiki hii, robo saa kwa siku, kwa sababu kitabu hicho hakina sol-fa. Lakini aibu iondoke. Kwenye usaili watawaambia mkiimbe mlichokipiga, sehemu yenu, bila ala. Nimewaona watoto waliosoma noti tangu wakiwa wadogo wakitetemeka hapo, sauti haitoki. Nyinyi mmeimba sauti ya tatu kwaya nzima ikiwavuta kwingine na hamkutetereka. Hiyo ni hazina, mwingie nayo kichwa juu.

Miguu. Hapa ndipo wapigaji wazuri wanapoanguka, nami mwaka ule wa kwanza nilianguka vile vile uwanjani, mchana wa siku ile ile. Uwanja wa futbali ya Kimarekani una mistari kila yadi tano, yaani mita 4.57. Hatua ya kawaida ni nane kati ya mstari na mstari, kama sentimita 57 kila moja. Chukueni chaki na futi kamba, mchore mistari hiyo kwenye maegesho ya magari pale nje, mchungaji amesharuhusu. Ukienda mbele, kisigino kinatangulia, vidole vya mguu vimeinuka, mguu unajibingirisha hadi mbele. Ukirudi nyuma, unatembelea sehemu ya mbele ya wayo, kisigino hakigusi chini. Kila kikosi kina mtindo wake, wengine goti limenyooka, wengine linakunjwa, tazameni video zao mapema. Lakini kiuno kwenda juu ni sheria moja kwa wote: kitulie, kama mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani na haimwagiki.

Kisha jirekodi. Simama, inua miguu palepale kwa mdundo, huku umeshika noti moja ndefu. Sikiliza rekodi. Utasikia noti inatikisika kila kisigino kinapotua, "waa-waa-waa", mwenyewe hukusikia ulipokuwa ukipiga. Dawa yake ni ule mpangilio wa mwanzo: miguu tu, kisha miguu na hewa, kisha miguu na kuimba, mwisho miguu na tarumbeta. Wa tuba, nyinyi anzeni kushika tuba begani sasa hivi, dakika tano bila kushusha, mkiongeza kila wiki. Wote mkimbie angalau siku tatu kwa wiki. Siku za kambi ya mwezi wa tano wanakaa juani asubuhi mpaka usiku.

Wengi wataanza usaili kwa kutuma video. Simu iwe mbali hatua tatu nne, mwili wote uonekane hadi viatuni, chumba kisicho na mwangwi wa bafuni. Msikate wala kuunganisha vipande. Kosa dogo ndani ya wimbo uliopigwa moja kwa moja halimfukuzi mtu. Na siku ya kambi ya usaili yenyewe, fika mapema, beba penseli, maji, viatu vya michezo vilivyokwisha kuzoea mguu. Mwalimu akiwarekebisha wenzako, jirekebishe na wewe papo hapo, kwa sababu wanatazama hilo pia.

Wazazi, nisiwapunje. Ada ya majira yote ni maelfu ya dola. Ipo misaada, na watoto wengi wanachangisha kidogo kidogo kuanzia mwezi wa kumi na mbili, ila ulizeni mapema na kwa maandishi. Watalala sakafuni kwenye kumbi za michezo za shule, watasafiri usiku kwa basi. Familia za Kiislamu ulizeni habari ya chakula na nafasi ya kuswali kabla ya kusaini. Wa Jumapili nanyi ulizeni. Kwa kawaida mtoto anaruhusiwa kushiriki hadi miaka 21, kwa hiyo aliye na 16 leo ana muda, hakuna haja ya kukopa mwaka huu. Na si lazima aanze na vikosi vikubwa kama Blue Devils au Carolina Crown. Kuna daraja la vikosi vidogo vyenye msimu mfupi na ada nafuu, na wengi waliofika juu walipitia huko.

Mwaka wa pili nilirudi kikosi kile kile, na baritoni ile ile ya kuazima. Safari hii nilipeleka wimbo mwepesi, ule tunaoimba kwenye mazishi kwetu, polepole. Mwalimu yule yule akanisimamisha baada ya mistari miwili, akaniambia, upige kana kwamba mtu amelala chumba cha pili na hutaki aamke. Nikavuta hewa, ikageuka. Nikapiga. Akaweka kalamu chini, akasema, sasa kana kwamba unataka aamke.

Basi, viti visogezwe ukutani. Tarumbeta ziache kwenye mifuko yake kwanza. Baba Neema, tusaidie metronomu, 80. Noti yetu ya kwanza, nyie mliosoma Kongo mnaiita si bemoli, sisi tunaiita B flati, tutaiimba wote kabla mtu hajagusa ala. Simameni miguu sambamba. Vuteni kwa nne, na ikifika juu isigande.